Samaki Asiye na Magamba

Mtu wa kwanza kunilisha kuku maishani mwangu alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Migori tulikuwa Wakatoliki wa ubatizo na rozari shingoni, lakini mama yangu hakuonja kuku wala yai mpaka anaingia kaburini, kwa sababu mila za Wajaluo zilimkataza mwanamke, na padri hakuna aliyemuuliza. Nilipoolewa huku kando ya ziwa, upande wa Homa Bay, mzee alinikalisha mezani mbele ya ndugu zake, akachukua paja la kuku akaniwekea kwenye sahani. Akasema katika boma lile giza limekwisha, na Mungu hakumuumba kuku akamwandika jina la mwanamume. Ndugu zake wawili waliinuka wakaenda zao. Mimi nilikula paja lile machozi yakinitoka, nikingoja nife. Sikufa, na tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda mwanawe.

Nalisema hili mapema ili nitakayoyaeleza mbele yasije yakamfanya mtu mbaya. Watu wanapenda hadithi yenye mtu mbaya, maana wanajua wa kumlaumu halafu wanakwenda kulala. Mimi sina wa kuwapa.

Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Wasabato. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima mwenye watoto, kwa hiyo kila neno aliloweza kulisoma alilishika kama ng'ombe aliyemnunua kwa jasho lake. Na kitu alichokipenda baada ya kusoma kilikuwa kubishana juu ya alichokisoma. Jumamosi alasiri, ibada ikiisha, mabenchi yalitolewa nje ya nyumba yake, na wakaja wa kila namna: Wakatoliki, watu wa makanisa ya kanzu na ngoma, hata wale wasiosali popote. Uhuru ulikuwa umekuja juzi tu, na kila mtu alikuwa anauliza kipi cha Wazungu tubaki nacho na kipi tuwarudishie. Jirani mmoja alisema Biblia nayo ipakiwe melini iende kwao. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwonyesha kwamba Biblia haikutoka Ulaya, ilipitia huko tu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kaka yangu, katekista wa kule Migori. Kabla sijaolewa walikuwa wamebishana juu yangu, nibatizwe upya majini au nibaki na maji yangu ya utotoni, na mzee alishinda, au kaka alichoka. Tangu hapo waliitana ora, yaani mkwe, na kila walipokutana walifungua vitabu vyao kabla hata ya kunywa maji. Mimi nilijivunia. Nilidhani nimeolewa kwenye nyumba ya watu wenye akili, na kweli nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba ya watu wenye akili.

Miaka ile ziwa lilipanda. Waliokuwapo wanakumbuka: mvua ilinyesha ikapitiliza, maji yakatoka mahali pake yakaingia mashambani, yakakaa, wala hayakuonyesha dalili ya kurudi. Mashamba yetu ya chini yalizama yote. Maharagwe yalioza. Ng'ombe walipelekwa kwa jamaa wa milimani, maziwa yao nayo yakabaki huko huko. Kuku, wale ambao mzee alikuwa ametuhalalishia, walikufa kwa kideri mmoja baada ya mwingine. Tukabaki na muhogo wa shamba la juu, asubuhi uji wake na jioni ugali wake. Mume wangu alikuwa amekwenda Osiri kuchimba dhahabu, na kutoka kwake hatukupata dhahabu wala habari.

Samaki je? Mtu atauliza, maana tulikuwa tunalisikia ziwa tukiwa kitandani. Ngege na ningu, samaki wenye magamba, walikuwa wameadimika. Nyavu zilinasa miti na mapaa yaliyozama, wavuvi wengi walikuwa wamehama na mitumbwi yao, na kidogo kilichopatikana kilikwenda mjini kabla hakijafika kwetu. Waliojaa walikuwa mumi, kambare wale weusi wenye sharubu na ngozi ya utelezi. Mvua ikipiga wanapanda vijito, na mwaka ule walipanda mpaka kwenye matuta ya mahindi. Wake wa majirani waliwaokota kwa vikapu. Moshi wa majirani ulinukia mumi mchana na jioni, nasi tulipita kando tukiwa tumeelekeza macho mbele, kwa sababu sheria ya Musa inasema samaki asiye na magamba ni najisi, na katika boma letu sheria ya Musa ilikuwa haijazama.

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Nilikuwa nimemwachisha ziwa kwa sababu nilikuwa na mimba nyingine. Kwanza aliacha kucheza. Kisha nywele zake zikawa za rangi ya kutu na zikawa zinatoka ukizigusa. Kisha miguu ikavimba, ukiibonyeza shimo linabaki. Akawa analia bila sauti, halafu akaacha hata kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mama mkwe aliniita kando akaninong'oneza kuwa ni chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaompata mtu mwiko ukivunjwa nyumbani. Yeye alibatizwa siku moja na mumewe, lakini kuna mambo maji hayakuyafikia. Alitaka tumtafute mtu wa manyasi, dawa ya mizizi ya kusafisha boma. Mzee alipopata habari alikasirika. Alisema hakuna chira katika nyumba ya Bwana, na mtoto apelekwe hospitali kama watu wa siku hizi wanavyofanya. Alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka Homa Bay, mimi nikimfuata nyuma, mwanamume mzima, watu wakimtazama.

Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, mtu wa kutoka mbali, alimbonyeza mtoto miguu akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Huyu si mgonjwa wa sindano, mama. Huyu ni wa chakula. Unampa nini?"

Nikamwambia uji wa muhogo.

"Na nyinyi mnakaa na ziwa hapo! Mpe samaki. Samaki yeyote."

Hilo neno yeyote nilitembea nalo njia nzima ya kurudi. Mzee alikuwa mbele yangu, mtoto mgongoni, naye alikuwa amelisikia vilevile nilivyolisikia mimi. Kesho yake alikwenda mpaka Mbita kutafuta ngege. Alirudi na wawili wamefungwa kwa ukoka, sijui aliwapata kwa nani wala kwa kuahidi nini. Mtoto alikula, na siku ya pili yake akaketi, akaniangalia, akacheka kidogo. Basi nikajua dresa amesema kweli. Kisha ngege wakaisha. Mzee akaenda Mbita tena na tena, akarudi mikono mitupu.

Kwetu mke wa mwana hamkabili baba mkwe kwa maneno. Anasimama mbali kidogo, anaangalia chini, anasema kilichomleta. Nilisimama hivyo nje ya nyumba yake nikamwambia, "Baba, ulinipa kuku ukaniambia mwiko umekwisha."

"Ule ulikuwa mwiko wa watu, Nyar Migori," alinijibu. Aliniita hivyo siku zote, binti wa Migori. "Huu ni wa Mungu."

"Mtoto atajuaje tofauti?"

Alinyanyua macho akaangalia ziwa kwa muda mrefu. Nilidhani ameudhika, lakini ninavyomfahamu sasa, alikuwa anatafuta andiko na hakulipata. Ndipo nikatuma neno Migori kwamba kaka aje. Nilijua mzee hawezi kushindwa na mwanamke wala na dresa, lakini kwa Biblia anaweza kushindwa, na aliyeweza kumshinda kwa Biblia alikuwa mmoja tu.

Kaka alifika Alhamisi. Alimwangalia mtoto, akaguna, akatoka nje akaketi kwenye benchi, na vitabu vikafunguliwa. Alianza na Petro na ile shuka iliyoshushwa kutoka mbinguni ikiwa imejaa wanyama wa kila aina, akaambiwa achinje na ale. Mzee alisema maono yale yalihusu watu wa mataifa, wala si nyama, na Petro mwenyewe alieleza hivyo. Kaka akaja na lile la kimtiacho mtu unajisi, kwamba ni kitokacho kinywani, si kiingiacho. Mzee akasema hapo walikuwa wanazungumzia kunawa mikono. Wakaenda kwa Paulo, wakarudi kwa Nuhu, wakauliza wanyama wa safinani walihesabiwaje kabla Musa hajazaliwa. Giza likaingia wakaahidiana asubuhi, na asubuhi wakaendelea pale pale walipoachia. Majirani walikuja kusikiliza. Mimi niliwapikia muhogo na mboga, nikawapelekea maji ya kunawa, nikarudi ndani kwa mtoto, na kila nilipoinama kumfunika nilisikia kicheko nje.

Walikuwa na raha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hawakuwa wakatili, wote wawili walikuja hapo kwa ajili ya mtoto, lakini mabishano yalikuwa matamu na yakawachukua. Kaka akipata andiko zuri alipiga goti lake kofi. Mzee akilijibu, majirani waliguna kwa kuridhika. Kama mtu angepita njiani angesema boma lile lina sherehe. Niliwachukia wote, nikachukia na Petro na shuka yake.

Ijumaa alasiri kaka alimkumbusha mzee habari za Daudi. Kwamba Daudi alikuwa na njaa, yeye na waliokuwa naye, akaingia nyumba ya Mungu akala mikate mitakatifu ambayo sheria ilimkataza, na Yesu mwenyewe alipoulizwa juu ya sheria alimtaja Daudi huyo bila kumlaumu. Mzee alifungua kinywa. Akakifunga. Akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma, kisha akaifunga Biblia yake na kuiweka kwenye benchi. Aliinuka, akachukua kikapu cha mkewe ukutani, akashuka kuelekea majini peke yake.

Alikawia. Hakuwa anajua kukamata mumi, hakuwahi kumgusa tangu abatizwe. Aliporudi alikuwa ameloa mpaka kifuani, matope usoni, na ndani ya kikapu mlikuwa na mumi mmoja mkubwa akijipigapiga. Nilikwenda kumpokea kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga magoti. Lakini mzee alikuwa anaangalia upande wa magharibi, nami nikaangalia, na jua lilikuwa limezama.

Kwa Wasabato siku inaanza hapo, jua linapozama Ijumaa. Moto wa boma letu ulikuwa umezimwa, kama kila Ijumaa, nao hauwashwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Chakula cha Sabato kilikuwa kimeshapikwa. Mzee alinikabidhi kikapu bila kunitazama.

"Mtie majini, asife," alisema. "Kesho jua likizama, mpikie mtoto."

Nilimwendea kaka. Nilimwambia aseme neno, huyo ng'ombe anayetumbukia shimoni na kutolewa siku ya Sabato amewekwa kwenye Injili kwa kazi gani? Kaka alinishika bega. Akaniambia tumeshinda, nisimsukume mzee zaidi, amekubali jambo kubwa kwa mtu kama yeye, na kilichobaki ni siku moja tu. Aliongea kama mtu anayetoka mpirani, timu yake imefunga. Nikaelewa kwamba yeye kazi yake imekwisha.

Mumi ni samaki mgumu. Maji kidogo yanamtosha. Nilimtia kwenye chungu kikubwa cha maji nikakifunika kwa ungo, na kulipokucha alikuwa bado mzima. Mzee alikwenda kanisani, maana ndiye aliyekuwa wa kuhubiri, na kaka akafuatana naye kwa heshima ya ukwe. Boma likawa kimya. Samaki alikuwa anajigonga kwenye chungu, anapumzika, anajigonga tena, na kila alipojigonga mtoto aligeuza macho upande ule. Kichwa hakuweza tena kukigeuza.

Nilichukua kigae nikaenda kwa jirani asiyesali popote, nikaomba makaa. Alinipa bila kuuliza. Niliwasha moto nje, katikati ya boma, mahali ambapo hata kipofu angeunusa. Sikutaka kujificha. Mama mkwe alitoka nyumbani kwake akasimama mlangoni na nguo zake nyeupe za ibada, alikuwa amebaki kwa ajili ya mtoto. Nilijua atanifukuza, na nilikuwa na jibu lake tayari, jibu baya. Aliuangalia moto. Kisha alikunja mikono ya gauni, akaenda kwenye chungu, akamtoa yule samaki, akampasua, akaanza kumsugua kwa majivu kuondoa utelezi. Alifanya haraka na vizuri. Alikuwa amekulia kwenye mumi kabla ya haya yote.

"Kichwa usikitupe," aliniambia. "Mafuta yako kichwani."

Tulipika mchuzi bila chumvi. Nilimpakata mtoto nikampa kwa kijiko, nikipuliza kila kijiko. Cha kwanza kilitoka pembeni mwa mdomo. Cha pili alimeza. Akameza cha tatu, akameza na vipande vya nyama nilivyovisaga kwa vidole. Alipofumbua macho akasema neno lake la kwanza baada ya siku nyingi. "Medna," alisema. Niongeze.

Watu walikuwa wanatoka kanisani. Njia ilipita kando ya boma letu, na moshi na harufu viliwalaki kabla hawajafika. Walipunguza mwendo, wakaangalia, wakapita. Mzee aliingia na kaka nyuma yake. Alisimama mbele ya moto, akamwona mke wake ana majivu mpaka kwenye viwiko, akaniona mimi nina sufuria. Aliingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Mtoto wangu alikufa Jumanne asubuhi, mikononi mwangu. Dresa, nilipomwona miezi baadaye, aliniambia kwamba watoto wanapofika pale huwa wamechelewa, na kwamba hata wangu angempata samaki huyo mapema kidogo, yeye asingeweza kuahidi kwamba angepona. Huenda alisema hivyo kunihurumia. Sikumuuliza mapema kidogo ni lini.

Maneno yalienea kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wengine walisema Mungu ameonyesha. Wakatoliki walisema Wasabato wamemuua mtoto, Wasabato walisema ameuawa na moto wa Sabato, na yule jirani wa kurudisha Biblia melini alisema sote tumerogwa na kitabu kimoja. Hakuna aliyesema maneno hayo mbele yangu. Yalinifikia tu, kama moshi ule ulivyowafikia wao.

Sabato iliyofuata, ibada ikiisha, washiriki waliombwa wabaki. Mzee aliketi mbele, nasi wanawake upande wetu. Mwenzake katika uongozi, mtu mpole, aliuliza kwa masikitiko ni nani aliyewasha moto katika boma la mzee wa kanisa siku ya Bwana. Niliinuka. Mama mkwe naye alikuwa anainuka, nilisikia benchi lake likilia. Mzee aligeuka akatutazama.

"Kaeni," alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Moto niliuwasha mimi."

Hapakuwa na mtu mle ndani aliyeweza kuamini. Moshi ulipokuwa unapanda, yeye alikuwa amesimama pale mbele, Biblia mkononi, anawahubiria wao wenyewe. Mwenzake alimkumbusha hivyo, kwa upole, kama anayempa mtu nafasi ya kurudi nyuma. Mzee ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji mgonjwa, alirudia.

"Niliuwasha mimi."

Walijadili mpaka kivuli cha kanisa kikafika barabarani. Wengine walitaka aondolewe uzee wa kanisa kwa ajili ya moto, wengine wakasema moto hakuuwasha, aondolewe kwa ajili ya uongo, na mmoja akauliza ni amri ipi iliyo kubwa, ya nne inayotunza Sabato au ya tisa inayokataza uongo. Waliyafungua maandiko. Mzee alikaa amenyamaza, yeye ambaye angewasaidia kuyapata upesi. Mwishoni walimwondoa, wala hawakuafikiana sababu. Akahamia benchi la nyuma, na hilo ndilo aliloketia mpaka alipokufa.

Hakubishana tena na mtu. Kaka alikuja mara kadhaa na kitabu chake, akajaribu kumchokoza na Jumapili, na Bikira, na mambo waliyokuwa wakiyafurahia, na mzee alimuuliza habari za mvua za Migori. Kaka akaacha kuja na kitabu. Baadaye akaacha kuja.

Jioni ile ya kuondolewa tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mama mkwe katikati, mimi nyuma kwa sababu ya mimba. Nilikuwa najitafutia neno la kumshukuru na sikulipata, maana angeniambia kushukuru uongo ni dhambi. Tulipofika karibu na boma alisimama akatungoja. Hakunitazama.

"Nyar Migori. Alikula?"

"Alikula, Baba."

"Alisema kitu?"

"Alisema medna."

"Ukamwongeza?"

"Nikamwongeza, Baba."

Aliitikia kwa kichwa, akatangulia kwenda kufungua lango.